Uzoefu Wangu Ndani ya Disney Dream: Mapambo Yenye Kazi na Wahudumu Wanaohama Pamoja Nawe

Watu wanaojua kwamba tumesafiri na Disney Dream huniuliza karibu wote swali moja: mtu mzima anafurahia nini katika meli iliyopambwa kwa ajili ya watoto? Jibu langu ni kwamba nilifurahia ufundi. Tulikwenda vizazi vitatu, yaani mimi na mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe wangu, tukaondoka Florida kuelekea Bahama na kurudi, na kila nilipotazama kwa makini niligundua kwamba pambo lililowekwa mahali fulani lilikuwa limepewa kazi. Ziko meli za kitalii ambazo mapambo yake yanaonekana wazi kuwa yalibandikwa baada ya chombo kukamilika. Hapa mapambo, vyumba na chakula vinaonekana kuwa vilifikiriwa kwa pamoja tangu siku ya kwanza.

Disney Dream ilijengwa katika kiwanda cha Meyer Werft, mjini Papenburg, Ujerumani, na ikaanza kuchukua abiria Januari 2011. Ina urefu wa karibu mita 340, ukubwa wa takriban tani 130,000 za ujazo, vyumba 1,250 vya wageni, na nafasi ya abiria hadi 4,000. Chombo chenye ukubwa huo kingeweza kuonekana kama jengo la ghorofa linaloelea, na meli nyingi za siku hizi zinaonekana hivyo. Waliobuni hii walirudi kwenye sura ya meli kubwa za abiria zilizokuwa zikivuka Atlantiki katika miaka ya 1930: ubavu wa rangi nzito inayokaribia weusi, mstari mmoja mrefu kutoka omo hadi tezi, na dohani mbili nyekundu. Rangi hizo ndizo rangi za Mickey Mouse, lakini zimetumika kwa kiasi ambacho hata mtu asiyemjua Mickey ataona meli nzuri tu. Maboti ya kuokolea abiria ni ya manjano badala ya rangi ya machungwa iliyozoeleka, na kampuni ya Disney ililazimika kuomba kibali maalumu kwa Walinzi wa Pwani wa Marekani ili yapakwe rangi hiyo. Manjano hayo yanalingana na viatu vya Mickey, na bado yanaonekana kutoka mbali baharini, jambo ambalo ndilo lengo la kanuni.

Ukumbi wa kuingilia umejengwa kwa mtindo wa Art Deco, yaani ule wa mapambo ya miaka ya 1920 na 1930, ukiwa na ngazi pana na sanamu ya shaba ya Donald Duck aliyevaa sare za admirali. Watoto walikimbilia sanamu. Mimi nilivutiwa zaidi na kitu kisichokuwapo. Meli za Disney hazina kasino. Msafiri aliyezoea meli nyingine anajua jinsi njia ya kutoka kwenye chakula kwenda kwenye maonyesho inavyopitishwa makusudi katikati ya mashine za kamari, kukiwa na moshi na kelele. Kuondoa kasino kumeacha nafasi kubwa, na nafasi hiyo imekuwa korido na kumbi ambazo mtoto anaweza kupita bila mzazi kuharakisha hatua. Kwenye kuta za njia hizo zipo picha zilizotiwa fremu ambazo huanza kucheza mtu anaposimama mbele yake, na mama mkwe wangu, ambaye hutembea polepole, alipata sababu nzuri ya kupumzika kila baada ya mwendo mfupi bila kuhisi kwamba anatuchelewesha.

Vyumba vya kulala ndivyo vilivyonithibitishia kwamba waliobuni meli hii wanazijua familia. Vingi vina sehemu mbili za maji zilizotenganishwa: chumba kimoja kina choo na sinki, kingine kina bafu na sinki yake. Mtu anayesafiri peke yake hataona maana yake. Lakini anayehitaji kuwaogesha watoto wawili, kuwavalisha na kuwafikisha mezani kwa wakati, wakati watu wazima nao wanajiandaa, atakubaliana nami kwamba hakuna pambo lolote lenye thamani kuliko ukuta ule mwembamba. Vitanda vimeinuliwa kiasi cha kuruhusu masanduku kusukumwa chini yake, kwa hiyo sakafu hubaki wazi. Kitanda cha mtoto hushushwa kutoka darini wakati wa usiku, na dari iliyo juu yake imechorwa nyota, ili mtoto anayelala karibu kabisa na dari awe na kitu cha kutazama badala ya kuhisi amefungiwa.

Sisi tulichukua chumba cha ndani, kisicho na dirisha, kwa kuwa ndicho cha bei nafuu zaidi, na nakiri kwamba ningekipendekeza hata kwa mtu mwenye uwezo wa kulipia zaidi. Disney Dream ilikuwa meli ya kwanza kuweka katika vyumba vya ndani madirisha ya duara ambayo kwa kweli ni skrini. Kamera zilizofungwa nje ya meli hupeleka picha ya bahari ya wakati uleule, zikifuata upande ambao chumba kipo, hivyo asubuhi huja chumbani kama inavyokuja nje. Mara kwa mara mhusika wa katuni hupita: kiti cha pwani, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, anajibandika kwenye kioo, kisha anaondoka. Hakuna ratiba inayotangazwa, na kwa sababu hiyo watoto wangu walikaa kimya kitandani wakisubiri, kimya ambacho wazazi watakielewa. Tatizo la kale la chumba kisicho na mwanga limegeuzwa kuwa sababu ya kukipenda chumba hicho. Kwa maoni yangu, huu ndio ubunifu bora zaidi katika meli nzima, na umewekwa kwa abiria wanaolipa kidogo zaidi.

Nije kwenye chakula, ambacho ndicho kiini cha maelezo yangu.

Tangu meli yao ya kwanza, Disney Magic ya mwaka 1998, kampuni hii iliachana na desturi ya kuwa na ukumbi mmoja mkuu wa chakula. Badala yake zipo kumbi tatu, na kila familia huhamishwa kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine usiku hadi usiku. Jambo linaloufanya utaratibu huu uwe wa pekee ni kwamba wahudumu wako wanahama pamoja nawe. Usiku wa kwanza unajulishwa kwa mhudumu mkuu wa meza yako na msaidizi wake, na kuanzia hapo, popote utakapokula chakula cha jioni, utawakuta wao. Nilidhani hili ni jambo dogo la adabu hadi nilipoona matokeo yake. Usiku wa pili mtoto wangu mdogo alikuta maziwa yake yameshawekwa mezani, nyama yake ilikuja imekatwakatwa, na mama mkwe aliletewa chai ya moto mwisho wa mlo bila kuomba. Binti yangu ana mzio wa karanga, na kila jioni mhudumu alimwonyesha orodha ya chakula cha kesho yake, wakachagua pamoja, na jikoni wakapata muda wa kumwandalia chake. Katika hoteli ya kawaida ningelieleza suala la mzio upya kwa kila mtu mpya, kila mlo, nikiwa na wasiwasi uleule. Hapa nilieleza mara moja.

Utaratibu huo ndio unaozipa uhai kumbi zenyewe, kwa sababu mgeni hubadilishiwa mandhari bila kubadilishiwa watu. Ukumbi uitwao Animator's Palate umejengwa kama karakana ya wachora katuni, wenye brashi, penseli na michoro kila mahali. Katikati ya mlo taa hubadilika, kuta zinakuwa bahari, na kasa aitwaye Crush anaogelea kutoka skrini hadi skrini akizungumza na meza mojamoja. Hiyo si filamu iliyorekodiwa, maana huuliza swali, husikiliza jibu na kulijibu. Mwanangu alipoulizwa swali alisahau kabisa kijiko mkononi. Kinachostahili kusifiwa zaidi ni wakati uliochaguliwa: Crush hufika katika pengo lile kati ya mlo mmoja na mwingine, pale watoto wanapoanza kuteleza kwenye viti na wazazi kutoa simu mifukoni. Mtu aliyepanga jambo hilo amewahi kula na watoto wadogo.

Enchanted Garden ni ukumbi wa bustani, ambao ubunifu wake umetokana na bustani za Versailles nchini Ufaransa. Dari yake huanza na mwanga wa mchana, na kadiri chakula kinavyoendelea anga hugeuka kuwa jioni na kisha usiku, huku taa zilizo kama maua zikichanua juu ya meza. Mabadiliko ni ya taratibu mno, kiasi kwamba mtu huyatambua yakiwa yameshatokea. Mama mkwe alipenda ukumbi huu kuliko yote kwa utulivu wake, nami nakubaliana naye. Royal Palace ni wa mabinti wafalme wa hadithi, wenye nguzo, mapambo ya dhahabu na chakula chenye mwelekeo wa Kifaransa. Ni mzuri na binti yangu aliingia akiwa amevaa gauni lake refu, lakini kwa upande wangu pambo lake halina kazi nyingine zaidi ya kupendeza, na kwa kuwa kumbi zile mbili zilishanizoesha zaidi ya hapo, huu niliupa nafasi ya tatu.

Chakula chenyewe kilikuwa cha moto, kilichokolea viungo kwa kiasi, na supu zilikuwa bora kuliko nilivyotarajia katika jiko linalolisha maelfu kwa wakati mmoja. Samaki na nyama za kuchoma zilipendeza kuliko vitamutamu, ambavyo kwangu vilizidi sukari. Milo katika kumbi hizo imeshalipiwa ndani ya tiketi, pamoja na soda, chai na kahawa. Vileo na bahashishi za wahudumu ni gharama ya ziada. Anayehitaji chakula cha halali anapaswa kuiarifu kampuni mapema kabla ya safari, si mezani. Mchana tulikula zaidi katika mkahawa wa kujihudumia wa Cabanas ulio sitaha ya 11, ambao una chaguo nyingi na mandhari nzuri ya bahari.

Usiku mmoja mimi na mume wangu tulikula Palo, mkahawa wa Kiitaliano unaolipiwa zaidi na usioruhusu walio chini ya miaka 18. Upo na mwingine wa Kifaransa, Remy, ambao ni wa gharama kubwa zaidi na hatukuujaribu. Palo ilitupa mazungumzo marefu yasiyokatizwa, na watoto hawakutukosa hata kidogo, kwani walikuwa kwenye klabu yao chini ya uangalizi. Hata wazazi wasiokwenda Palo wana nafuu: katika awamu ya pili ya chakula cha jioni, yaani ile ya baadaye, watoto wanaweza kuhudumiwa haraka na kisha kuchukuliwa na walezi wa klabu kutoka ukumbini, wakubwa wakamalizia kula bila haraka.

Kuhusu bomba la kuteleza la AquaDuck nitasema kwa ufupi, kwa kuwa picha zake zimeenea. Lina urefu wa mita zipatazo 233, linapita ndani ya dohani ya mbele na kutokeza nje ya ubavu wa meli juu ya bahari. Bomba ni angavu, kwa hiyo anayepita pale huona maji chini kabisa. Ni la kusisimua kweli.

Kituo cha Castaway Cay, kisiwa cha Bahama kinachosimamiwa na kampuni hiyo, kinaendeleza fikra ileile. Gati limejengwa ili meli itie nanga kando yake moja kwa moja, bila abiria kushushwa kwa mashua ndogo. Kwa mama mkwe wangu hiyo ndiyo ilikuwa tofauti kati ya kushuka na kubaki chumbani. Alitembea hadi ufukweni kwa miguu yake, na chakula cha mchana cha kuchoma kikaandaliwa huko huko kisiwani, bila malipo mengine.

Kwa anayefikiria kwenda, ushauri wangu unahusu zaidi meza kuliko chumba. Chakula cha jioni hutolewa kwa awamu mbili, ya mapema na ya baadaye, na uchaguzi huo hufanywa wakati wa kununua tiketi. Mwenye watoto wanaolala mapema achague ya kwanza. Mwenye watoto wanaochangamka usiku achague ya pili na atumie huduma ya walezi. Suala la mzio liandikwe kwenye fomu ya safari, kisha lirudiwe kwa mhudumu usiku wa kwanza. Nafasi za Palo ziombwe mara tu mfumo unapozifungua, kwa sababu huisha haraka. Na kama bajeti inalazimisha chumba cha ndani, kichukuliwe bila kusita.