Viatu vya kuingiza insoli ukiwa na baridi yabisi: uzoefu wangu baada ya kuharibu pea tatu

Mi si daktari wala siuzi viatu, ni mtu tu mwenye baridi yabisi, ile rumatoidi yenyewe ambayo kinga ya mwili inakugeukia inaanza kushambulia viungo vyako, sio ile ya viungo kulika kwa umri. Natofautisha makusudi maana kila nikitaja ugonjwa wangu mtu ananijibu "hata bibi yangu anao, mwambie achue miguu". Jamani hii ni nyingine. Mwaka wa sita huu, ilianza vidole vya mikono, miguu ikafuata, na ikikamata kulia inakamata na kushoto, haipendelei.

Kwa ambaye hajapitia, asubuhi ukishusha mguu kitandani ni kama unakanyaga changarawe. Nilimwambia daktari hivohivo akacheka kidogo akasema wagonjwa wake wengi wanatumia neno hilohilo. Kumbe vile viungo vya pale wayo unapokutana na vidole vinavimba, alafu kile kimto cha nyama laini kilichokaa pale chini kinasogea mbele kuelekea vidoleni, kwa hiyo unabaki unakanyagia mifupa mitupu. Vidole navyo vinaanza kujikunja kama kucha za kuku, kidole gumba kinalalia wenzake, upinde wa mguu unashuka. Miguu yangu ya kabla ya ugonjwa na hii ya sasa ukiiweka kwenye picha utasema ni ya watu wawili.

Basi nikapelekwa kwa mtaalamu wa miguu, akachukua kalibu ya nyayo zangu, baada ya wiki kadhaa nikapewa insoli zangu mwenyewe, yaani soli za kuweka ndani ya kiatu zilizofuata umbo la mguu wangu. Ni ngumu kiasi chini ya upinde, juu zina tabaka laini, na pale kati kuna kijinundu. Nilipoona kile kijinundu nikajua fundi amekosea, maana hakijakaa pale panapouma, kimekaa nyuma yake kidogo kuelekea kisigino. Nikamuuliza. Akaniambia hapo ndipo panapotakiwa, kinainua mifupa kwa nyuma ili ile sehemu inayouma ipumzike, kikikaa chini ya maumivu yenyewe kitakuumiza zaidi. Sawa, nikashukuru, nikaenda nyumbani na furaha zangu.

Hakuna aliyeniambia kwamba insoli zenyewe ni nusu ya kazi tu. Nusu nyingine ni kiatu, na kiatu ndo kilinitoa jasho.

Pea ya kwanza ilikuwa raba zangu za zamani nilizozipenda. Nikachukua insoli nikaitumbukiza juu ya soli ya ndani iliyokuja na kiatu. Kisigino kikapanda juu kinachomoka kila hatua, huku mbele vidole vinasugua paa la kiatu. Siku mbili tu nina malengelenge juu ya kidole cha pili, nikazitupa pembeni.

Pea ya pili nikajifanya mjanja, nikasema kama nafasi haitoshi basi naongeza namba. Nikanunua kubwa kuliko yangu kwa namba moja nzima. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu naona watu wengi wanashauriana hivi na ndo kosa lililonigharimu kuliko yote. Ukiongeza namba moja ya vipimo vya Uingereza unapata kama milimita 8 za urefu, yaani kiatu kinarefuka mbele, lakini kina cha kiatu, ile nafasi kutoka chini hadi juu, hakiongezeki cha maana. Na insoli inakula kina, haili urefu. Kwa hiyo juu bado kinabana huku mbele kinapwaya. Isitoshe kila kiatu kina mahali pake pa kukunjika ukitembea, na pale panatakiwa palingane na mguu wako unapokunjika, ukichukua kirefu kiatu kinakunjikia mbele huko chini ya vidole ambavyo tayari vina hali mbaya. Na ile ncha ya ziada ilinikwaza kwenye ngazi nikaanguka na mkono niliojikingia ni wa viungo vilivyovimba, sitaki hata kukumbuka.

Pea ya tatu nilishawishiwa dukani. Kijana akaniambia "mama hizi ni kama unatembea kwenye godoro, hutataka kuzivua". Na kweli ukizijaribu pale dukani dakika tano ni raha tupu, sponji kila mahali. Tatizo insoli yangu ni ngumu, ukiweka kitu kigumu juu ya kitu kinachobonyea kinazama upande ule unaoulemea, na mimi mguu wangu unalalia ndani. Wiki ya tatu nikaviweka viatu mezani nikaviangalia kwa nyuma, vyote viwili vimeinamiana kama walevi wawili wanasaidiana kurudi nyumbani. Simlaumu yule kijana, alikuwa anauza, ila tangu siku hiyo neno "laini" likitajwa dukani nakuwa macho.

Aliyenifungua macho ni mtu wa fiziotherapia. Nilienda kwa ajili ya mikono yangu, akaangalia chini akaniuliza "dada, hivyo viatu nani kakuchagulia?" Akanivua kimoja, akaingiza kidole atoe soli ya ndani, haitoki, imegundishwa. Akasema jaribio la kwanza umeshafeli, kiatu cha kuvalia insoli lazima soli yake ya ndani itoke, ile ikitoka insoli yako inakaa mahali pake. Kisha akakikunja, kikakunjika katikati kama karatasi, wakati kinatakiwa kikunjike mbele tu pale vidole vinapoanzia. Akakishika mbele na nyuma akakikamua kama nguo, kikajipinda. Akabonyeza ukuta wa nyuma unaoshika kisigino, ukalala. Kiatu kimefeli kila mtihani na nilikuwa nimekivaa kwa imani kabisa.

Akanipa na ujanja mmoja ambao mpaka leo nautumia. Simama kwenye karatasi, mtu mwingine akuchoree mguu kwa penseli iliyonyooka wima, ukate ule mchoro, kisha uweke kiatu juu yake. Karatasi ikichungulia pembeni ujue kiatu ni chembamba kuliko mguu, na mguu ndo utalazimishwa uingie. Nilivyorudi nikachora nikapima viatu vyote vya kabatini. Karatasi ilichungulia kwenye kila kimoja, kasoro ndala za kuogea.

Nikaenda kununua upya, safari hii kwa mpangilio. Nilienda jioni makusudi, miguu ikiwa imeshavimba, maana kiatu ulichonunua asubuhi jioni kinageuka kuwa jela. Nikabeba insoli zangu, soksi ninazovaa siku zote na ile karatasi. Nikapimwa miguu yote miwili nikiwa nimesimama, wa kulia ukawa mkubwa kidogo, basi ukachaguliwa kiatu kwa mguu mkubwa. Hapo ndo nikajua pia kwamba kuna viatu vinavyotengenezwa kwa upana tofauti kwa namba ileile. New Balance kwa mfano wanaandika kwa herufi, wa kawaida wa kike ni B, mpana ni D, 2E mpana zaidi, na wa kiume wa kawaida unaanzia D, kisha 2E na 4E. Maana yake mwanamke mwenye mguu mpana anaweza kutazama rafu ya wanaume pia, mi nilijaribu na wala hakuna aliyenishangaa.

Ila upana peke yake haunitoshi, nilikuwa natafuta kina. Kuna viatu vimetengenezwa na kina cha ziada kwa ajili ya watu kama sisi na watu wa kisukari, vingine vinakuja na soli za ndani mbili zilizopandana unatoa moja au zote kulingana na unene wa insoli yako. Nilichochukua ni cha aina hiyo. Chapa sitaji kwa sababu mguu wangu sio wako na sitaki mtu akimbilie jina akasahau kupima.

Sasa sifa zake. Nimetoa soli zote mbili, insoli imekaa flati bila kukunja kingo, kisigino kimetulia ndani. Mbele kuna upana wa kidole gumba cha mkono kati ya kidole changu kirefu na ncha ya kiatu, na vidole vyangu vilivyojikunja havigusi juu. Kitambaa cha juu kinavutika na ndani hakuna mshono pale vidoleni, hiki kitu ni kidogo ila kama una kinundu pembeni ya kidole gumba utanielewa. Soli ya chini ni ngumu na imepinda mbele kama mtumbwi, kwa hiyo unapoinua kisigino kiatu kinabiringika chenyewe na mguu hauhitaji kukunja vile viungo vinavyouma. Kampuni ya viatu ya Hoka nao wanajulikana kwa soli nene za mtindo huo kama unataka kuona inafananaje. Siku ya kwanza nilihisi kama nasukumwa mbele na mtu, nikashika ukuta, ikachukua kama wiki kuzoea. Kama una shida ya kujimudu au kuyumba jaribu kwanza ukiwa na mtu.

Na kufunga! Watu wanaotuuzia viatu wanasahau kwamba aliye na miguu hii mara nyingi ana na mikono hii. Mimi kamba za viatu asubuhi ni vita, vidole vimekakamaa saa nzima, siwezi kuvuta fundo. Hiki kina mikanda miwili ya velkro, mmoja nauvuta kwa kiganja tu bila kubana vidole, na kinafunguka mpaka karibu na vidole kwa hiyo mguu unaingia bila kusukumwa. Kama unapenda kiatu chako cha kamba kuna kamba za mpira unafunga mara moja tu kisha unavaa kama cha kutumbukiza, na kijiko cha kuvalia viatu chenye mpini mrefu, mi nacho mlangoni.

Sikuvaa siku nzima mara moja. Siku ya kwanza saa moja ndani ya nyumba, kesho yake mbili, hivohivo mpaka wiki ya pili. Kila nikivua naangalia miguu, chini natumia kioo, natafuta wekundu usiotoka. Naweza kuonekana nimezidisha ila dawa tunazokunywa nyingi zinashusha kinga, na ukiwa umetumia steroidi muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, kidonda kidogo cha kiatu kwetu sio kidogo. Nikiona ngozi imechubuka siingojei, naenda kuonyesha.

Ubaya wake pia niseme. Ni vizito, ukivishika mkononi unajua umeshika kitu. Vinatunza joto. Sura yake, mtoto wa dada yangu aliniuliza "shangazi" (huwa ananiita hivyo japo mi ni mama mdogo wake) "umevaa viatu vya roboti?" na sikuwa na jibu. Velkro baada ya miezi kama minne ilianza kushika uchafu na nywele ikawa hainati, nimeigundua dawa yake ni mswaki wa zamani. Na kwa nguo za shughuli haviendi kabisa, hilo bado sijalitatua, nikialikwa mahali navaa hivihivi na gauni refu linaloburuza.

Maumivu hayajaisha, mtu asije akasema nimesema viatu vinaponya. Ugonjwa unashikwa na dawa, mi nipo kwenye methotreksati ya mara moja kwa wiki, na zile siku ugonjwa unapopanda hata kiatu cha dhahabu kingeuma, nalegeza mikanda tu na kukaa. Tofauti ninayoiona ni jioni. Zamani nikifika nyumbani nilikuwa natambaa kwa kushika kuta mpaka kitandani, na ile sugu chini ya kidole cha pili ilikuwa inakatwa kila mara. Sasa natembea kawaida mpaka jikoni na sugu imepungua mpaka mtaalamu akaniuliza nimefanya nini. Kumi naipa nane, mbili nimezikata kwa ajili ya uzito na ile sura.

Kitu kimoja cha mwisho ambacho kingeniokoa ningejua mapema: watengenezaji wanabadilisha. Nilirudi baada ya miezi minane kununua pea nyingine ili nibadilishane zikauke vizuri, jina lilelile, namba ileile, nikavaa nikahisi vidole vimegusa juu. Muuzaji akasema hilo ni toleo jipya, wamelifanya jembamba "lipendeze". Nikamwomba aangalie stoo kama kuna la zamani limebaki, akakaa huko muda mrefu akarudi na boksi mbili zina vumbi, za rangi ya kahawia ambayo sikuwa naitaka kabisa. Nikachukua zote mbili. Moja navaa hivi naandika, nyingine iko juu ya kabati na karatasi zake bado hazijatolewa.