Tahadhari: chaja "orijino" zinazochemsha kompyuta mpakato

Kama umenunua chaja ya kompyuta mpakato hivi karibuni na muuzaji akakwambia "ikipata moto usijali, zote ziko hivyo", tafadhali soma hapa kabla hujaichomeka tena na kwenda kulala.

Maneno hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanawanasa watu. Kompyuta kweli hupata joto ikichajiwa. Chaja inaushusha umeme wa ukutani hadi volti 19 au 20 hivi, na sehemu ya umeme huo hupotea kama joto. Betri nayo ina ukinzani ndani yake, yaani inauzuia kidogo umeme usipite kwa urahisi, kwa hiyo ikiingiziwa umeme kwa kasi inapata joto. Ikikaribia kujaa kasi hupunguzwa na joto linashuka. Ukichaji huku unahariri video au unacheza gemu, joto la prosesa linaongezeka juu ya hilo. Lakini hili ni joto ambalo kiganja kinalivumilia.

Wanachokiuza wauzaji hawa ni kitu kingine kabisa. Binamu yangu aliniletea chaja yenye nembo ya kampuni inayoheshimika, bandiko linasema volti 19.5, ampea 3.34, yaani wati 65. Baada ya muda mfupi ilikuwa haishikiki. Tukaichomoa, tukaiacha ipoe, nikaipasua. Ndani kuna kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi, hakijaunganishwa na chochote. Kimewekwa ili chaja iwe nzito na mnunuzi aamini ni kitu cha maana. Sehemu za vipuri vya kuchuja umeme zimeachwa matundu matupu. Waya, kwa nje mnene, una nyuzi chache tu za shaba. Kilichonitisha zaidi ni kwamba upande wa umeme wa ukutani na upande unaokwenda kwenye kompyuta vimekaribiana mno, bila kizuizi chochote katikati. Pakigusana pale, umeme wa ukutani unafika moja kwa moja kwenye mashine uliyoipakata mapajani. Mtu anauza kitu hiki akijua kitatumika chumbani, penye watoto!

Binamu aliporudisha malalamiko, muuzaji alisema chaja haina shida, betri ndiyo imechoka, na betri anayo. Mteja akikataa betri, basi kuna programu ya "kupoza kompyuta" ya kulipia. Kaeni macho na mnyororo huu. Programu haiwezi kuondoa joto linalozalishwa na chaja mbovu. Na betri zao pia zipigieni hesabu: volti mara ampea-saa ni wati-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kuhifadhi. Betri ya volti 11.4 na ampea-saa 4 ni wati-saa 45.6, bandiko likidai 80 kwa tarakimu hizo hizo, ni uongo ulioandikwa waziwazi.

Kabla ya kulipa, linganisha bandiko la chaja na maandishi yaliyo chini ya kompyuta yako. Volti zilingane, ampea ziwe sawa au zaidi. Ampea zikiwa pungufu, chaja inalazimishwa kubeba mzigo usio wake. Wenye mashine za USB-C waangalie na waya: wa ampea 3 unaishia wati 60, na wati 100 zinahitaji waya wa ampea 5. Muuzaji asiyetaka usome bandiko au uijaribu chaja mbele yake, mwache na mali yake.

Kama chaja yako ni nzima na bado mashine inachemka, anza na hewa. Mashine nyingi huvuta hewa kutoka chini, kwa hiyo kuitumia juu ya godoro au mto ni kuiziba pua. Iweke juu ya meza ngumu, mbali na jua, na chaja yenyewe usiifunike. Izime, kisha puliza vumbi kwenye matundu na feni. Kama ni ya miaka mingi, fundi abadilishe na ile pasta iliyo juu ya prosesa, inayosaidia kutoa joto lake, maana hukauka. Kazi nzito zifanye betri ikishajaa. Kompyuta nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe ikiwa mashine yako inakaa kwenye umeme kutwa.

Na ukiona sehemu ya kusogezea kishale kwa kidole imeinuka, au kifuniko cha chini hakikai sawa, betri imevimba. Zima, chomoa, usichaji tena hata kwa dakika chache za kuhamisha mafaili. Usiibonyeze wala kuitoboa, na usiitupe kwenye taka za nyumbani. Ipeleke kwa fundi au kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Ile chaja nayo ikate waya kabla hujaitupa, asije mwingine akaiokota na kuitumia.