Vidonge vya manganizi vya miligramu 10: dai la kweli, kipimo kibaya

Kopo lina vidonge 100, kila kimoja kina miligramu 10 za madini ya manganizi, na lebo inasema vinalinda seli dhidi ya msongo wa oksidishaji, yaani madhara ya molekuli kali zitokanazo na oksijeni. Kampuni nyingi zinauza aina hii, madukani na mtandaoni, kwa hiyo tunapima bidhaa yenyewe, si kampuni fulani. Tunaipa nyota 2 kati ya 5.

Lebo haidanganyi kuhusu kazi ya manganizi. Seli inapotengeneza nishati ndani ya mitokondria, vinu vyake vidogo vya nishati, elektroni chache huponyoka njiani na kudakwa na oksijeni. Hapo huzaliwa supaoksidi, yaani oksijeni yenye elektroni moja ya ziada, ambayo ikiachwa huvuruga vimeng'enya vya mitokondria yenyewe. Mlinzi wa mahali hapo ni kimeng'enya kiitwacho MnSOD: kina vipande vinne, na ndani ya kila kipande imekaa atomi moja tu ya manganizi. Atomi hiyo huchukua elektroni kutoka kwa supaoksidi ya kwanza, ambayo hurudi kuwa oksijeni ya kawaida. Kisha huipa supaoksidi ya pili elektroni ile ile, nayo ikawa hidrojeni peroksaidi. Atomi imerudi ilivyokuwa, tayari kwa zamu nyingine. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba panya waliozaliwa bila kimeng'enya hiki walikufa ndani ya siku 10, mioyo ikiwa imetanuka.

Ila hiyo ni nusu ya safari, maana peroksaidi nayo inadhuru. Kuigeuza kuwa maji ni kazi ya vimeng'enya vingine: katalasi, inayohitaji chuma, na glutathioni peroksidasi, inayohitaji madini ya seleni. Lebo hizi hazisemi hilo, na zingepaswa kusema.

Tatizo kubwa ni kipimo. Mwanamume mzima anatosheka na takriban miligramu 2.3 kwa siku, mwanamke 1.8. Kikomo cha juu kilichowekwa Marekani ni 11, chakula kikiwemo. Sasa tazama mezani: gramu 100 za unga wa atta (ngano isiyokobolewa) zina karibu miligramu 4, kikombe cha chai ya rangi karibu 0.5, na gramu moja ya karafuu ya kusaga 0.6. Iliki na tangawizi kavu nazo zimejaa madini haya. Anayekula chapati za atta na kunywa chai ya viungo, akiongeza kidonge kimoja, keshavuka kikomo.

Ziada hutolewa na ini kupitia nyongo. Ini likiwa gonjwa, manganizi hubaki mwilini na kujikusanya ubongoni, na huko hugeuka kuwa chanzo cha msongo ule ule uliotakiwa kuzuiwa: mikono hutetemeka, viungo hukakamaa, mwendo huharibika. Mwenye ugonjwa wa ini asiguse kopo hili. Aliyepungukiwa na chuma naye ajihadhari, kwa sababu madini haya mawili hupita mlango mmoja kwenye utumbo. Chuma kikiwa kidogo, manganizi huingia kwa wingi zaidi.

Ukiwa dukani, soma lebo kwa makini. Angalia kwanza alama: Mn ni manganizi, Mg ni magnesi. Watu wanaotafuta magnesi kwa ajili ya misuli inayokaza huondoka na kopo lisilo lao, kisha humeza vidonge viwili vitatu kwa siku. Pili, uliza kama uzito ulioandikwa ni wa manganizi yenyewe au wa chumvi yake, yaani manganizi pamoja na kemikali iliyoungana nayo, kama glukonati au salfeti. Glukonati ina manganizi asilimia 12 hivi, salfeti yenye molekuli moja ya maji asilimia 32. Kwa hiyo "glukonati miligramu 50" ni manganizi miligramu 6 tu, wakati salfeti ya uzito huo huo inafika 16.

Kama daktari amekuelekeza kutumia manganizi, tafuta kidonge cha miligramu 1 au 2, mara nyingi ndani ya mchanganyiko wa madini. Ukiwa kwenye dozi ya antibiotiki kama doksisaiklini au siprofloksasini, usivimeze pamoja, kwani madini hushikana na dawa tumboni na dawa hainyonywi vizuri. Meza siprofloksasini angalau saa 2 kabla ya madini, au saa 6 baada yake.