Kabla Hujalipia Programu ya Kuhariri Picha, Uliza Gomesi Itatoka Rangi Gani

Gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda, ilikuwa ya buluu. Buluu ile kali, na bibi harusi alipoiona kwenye kioo cha laptopu yangu alipiga kigelegele. Kadi 300 zenye picha hiyo, za kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe, zikachapwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, zikaletwa Jinja kwa teksi, nikafungua boksi: zambarau. Tena zambarau iliyochoka, kama kanga ya kudekia. Mama mkwe wake akaniuliza kama nimechanganya faili za harusi mbili.

Nilimfokea mchapaji kwenye simu hadi salio likaisha. Maskini, hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na la programu niliyouziwa kwa shilingi 180,000 za Uganda na kijana wa duka la kompyuta aliyeniapia kuwa ndiyo wanayotumia wataalamu. Ilijaa vichujio vya kulainisha ngozi, kubadilisha mawingu, hata kurusha ndege wa machweo. Habari za wino haikuzijua kabisa.

Kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ndiyo hiyo RGB. Mashine ya kuchapa inatumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, yaani CMYK. Kuna rangi ambazo mwanga unazifikia na wino hauziwezi, na buluu kali huumia mapema. Programu isiyokuonyesha hilo mapema inakuacha ukaligundue kwenye boksi, mbele ya wakwe.

Wanaoniandikia huniuliza kuhusu RAM na akili mnemba. Hayo utayasoma kwingine. Swali langu ni moja: je, programu itanionyesha rangi ya karatasi kabla sijatuma faili?

Ya kwanza ni Affinity, na mapenzi yangu siyafichi. Kampuni ya Serif ya Uingereza ilianza kuuza Affinity Photo mwaka 2015, unalipa mara moja basi. Canva, kampuni ya usanifu mtandaoni, ilipoinunua Serif mwaka 2024 nilijua tumekwisha, sasa tutakamuliwa kila mwezi. Kumbe Oktoba 2025 wakaitoa bure, picha, michoro na upangaji wa kurasa vyote ndani ya programu moja. Unachohitaji ni akaunti ya Canva. Zana za akili mnemba ndizo za kulipia, na kadi ya harusi haizihitaji. Unafungua kazi ndani ya CMYK tangu mwanzo. Ukianza na RGB, unaweka juu leya ya Soft Proof, yaani tabaka linaloigiza rangi za karatasi, unachagua profaili ya mchapaji, yaani faili inayoeleza rangi ambazo mashine na karatasi yake vinaweza kutoa, na unaiona buluu yako ikififia hapo hapo, ungali na nafasi ya kuirekebisha. Ila izime leya hiyo kabla ya kutoa faili. Mimi niliisahau mara moja, bango zima likatoka kama limepigwa vumbi la barabarani.

Ya pili ni Photoshop ya kampuni ya Adobe. Kwa rangi peke yake, ningeipa nafasi ya kwanza: Ctrl+Y inakuonyesha picha itakavyochapwa, ukiongeza Shift inapaka kijivu kila mahali ambapo wino utashindwa. Lakini ni dola 22.99 kwa mwezi ukijifunga mwaka mzima, yaani zaidi ya dola 275, karibu shilingi milioni moja. Mteja wangu ananilipa kwa shilingi, nusu kabla na nusu "baada ya harusi", na baada ya harusi simu haipokelewi. Ukitaka kujitoa katikati ya mwaka, unatozwa nusu ya kilichobaki. Serikali ya Marekani iliwashtaki Adobe mwaka 2024 kwa madai ya kuficha tozo hiyo. Na sijasahau mwaka 2022, watu walipofungua kazi zao za zamani wakakuta rangi za Pantone, zile rangi za uchapaji zenye namba maalumu, zimegeuka nyeusi, ila ulipie dola 15 kwa mwezi kuzirudisha. Rangi! Ambazo mtu alishazitumia!

GIMP ni ya bure. Toleo la 3.0 la Machi 2025 linakuonyesha rangi za uchapaji na kutoa faili ya CMYK, ila kazi yenyewe inabaki RGB. Krita inaijua CMYK vizuri lakini imetengenezwa kwa wachoraji. Photopea inafungua faili za Photoshop ndani ya kivinjari, inafaa kwa dharura.

Chochote utakachochagua, muulize mchapaji anatumia profaili gani. Akikutazama kama umemtukana, lipia kadi moja ya majaribio, itoke, uishike mkononi juani.

Na wauzaji hawa! Ukiingia dukani kununua waya tu, unaonyeshwa flashi yenye "Photoshop kamili", ambayo ni kraki, yaani nakala ya wizi iliyovunjwa kufuli, na pengine imebeba virusi. Wiki iliyopita msomaji wa Mbale aliniandikia kwa furaha kwamba ameshapata Affinity, leseni ya maisha, kwa shilingi 80,000. Nikamwambia arudi akadai hela yake, hiyo kitu ni bure. Akarudi. Muuzaji akamjibu kuwa programu kweli ni bure, 80,000 ilikuwa ya kubonyeza.