Kwenda Mahale kutokea Kigoma mjini: uzoefu wangu

Anayepanga likizo kwenye Hifadhi ya Milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, kuona sokwe, achague mwezi kwanza, bei baadaye. Sisi tulikwenda Agosti. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, njia za msituni zimekauka, na miezi ya mwisho sokwe hushuka karibu na ziwa, hivyo huhangaiki sana kabla ya kuwakuta. Masika kuna utelezi mkali na wao wako juu milimani. Ila kiangazi kina upepo wa kusi, ziwa linachafuka vibaya. Mwambieni nahodha mng'oe nanga alfajiri.

Hifadhi iko kusini, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, na ndani hakuna barabara ya gari hata moja. Ni miguu tu. Tulikodi boti moja kwa moja kutoka Kigoma: kwa mtu mmoja ni ghali, kwa kundi ni nafuu maana mafuta ni yaleyale. Mwenye boti alipandisha bei asubuhi ya safari, mizigo ikiwa imeshapakiwa. Jambo hilo liliniudhi sana. Andikishianeni mapema: bei, mafuta, jaketi okozi kwa kila abiria, siku ya kurudi.

Viingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na Mtanzania abebe kitambulisho ili atozwe kiwango cha wananchi. Hapo sina lawama. Mabanda ni ya kawaida, safi. Chakula tulibeba wenyewe kutoka sokoni.

Sasa sokwe. Wafuatiliaji hutangulia asubuhi, wakiwapata wanamwita mwongozaji kwa redio. Mnavaa barakoa, mnakaa mita 10, kundi halizidi wageni 6, na muda ni saa moja. Msione kama mnabanwa: mafua yetu ya kawaida yanaweza kumuua sokwe. Tulioonyeshwa ni wa kundi la M, waliozoea watu kwa sababu watafiti wa Kijapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wako Mahale tangu 1965, miaka 20 kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1985. Mwongozaji wetu aliwajua kwa majina, nani mtoto wa nani, nani anamkwepa nani. Dume mkubwa alipita kando ya njia akipiga mizizi ya mti kwa miguu, msitu mzima ukaitika. Nilisimama nikitetemeka, wala si kwa hofu. Kwa saa ile peke yake ningelipa tena nauli yote, na inaniuma kwamba majirani zangu wengi hapa mjini hawajawahi kufika, wakati wageni wanavuka bahari kuja.

Kilele cha Nkungwe, mita 2,462, hatukukigusa. Kinataka kulala kambini njiani na kusindikizwa na askari, kwa hiyo kiombwe mapema ofisi ya hifadhi, si mkishafika. Sisi tumeshaanza kuchanga mafuta ya boti kwa ajili ya Julai.