Córdoba kwa siku moja kutoka Sevilla: nendeni, ila basi la kikundi hapana

Córdoba, mji wa kusini mwa Hispania, nyota tano, safari ya kikundi niliyolipia nyota mbili, na hizo mbili ni za yule dada aliyetutembeza maana historia anaijua kwelikweli, shida ni ratiba aliyopewa. Basi limezunguka Sevilla kukusanya watu hotelini, tumefika Córdoba saa tano jua limeshachachamaa, halafu Mezquita, ule msikiti mkuu wa zamani ambao sasa ni kanisa, tukapewa dakika 50. Jamani, dakika 50! Na duka la zawadi dakika 40.

Sasa huo msikiti ulianza kujengwa mwaka 785 enzi za amiri Abd al-Rahman wa Kwanza, waliofuata wakawa wanauongeza tu, leo zimebaki nguzo zaidi ya 850, yaani ukisimama katikati ni nguzo mbele nguzo nyuma, na juu yake matao mawili mawili, mekundu kwa meupe. Mimi nilichokishangaa ni kwamba nguzo hazifanani, nyingi zilitolewa kwenye majengo ya zamani ya Warumi na Wavisigothi, watu waliotawala huko kabla ya Waislamu, hii ya kijivu, ile kama waridi, hii imechongwa majani juu na jirani yake imechongwa vingine kabisa. Na zilikuwa fupi kwa ukumbi mkubwa vile, ndo maana mafundi wakapandisha tao la pili ili paa liende juu. Akili sana.

Mihrabu ndo usiseme. Vipande vidogo vidogo vya dhahabu, kazi ya mafundi wa Bizanti, yaani Rumi ya Mashariki, wakati wa khalifa al-Hakam wa Pili, na maandishi ya Kikufi, mwandiko wa Kiarabu wa kale, yamezunguka tao. Unasimama nyuma ya uzio, ukisogeza kichwa kidogo tu ile dhahabu inahama, hapa inazima pale inawaka. Nilikuwa bado nahangaika kusoma neno la kwanza nikasikia kwenye hedifoni tunaitwa, kikundi kinatoka. Iliniuma sana.

Katikati ya huo msikiti kuna kanisa kuu la Wakristo lililoanza kujengwa 1523, dari linapaa ghafla, mwanga mweupe. Ni zuri, ila nguzo zilizovunjwa kulipisha mimi zinanisikitisha mpaka sasa. Waislamu wenzangu mjue kabisa ni kanisa linalotumika, kuswali humo hawaruhusu.

Kwa hiyo fanyeni hivi, chukueni treni ya mapema stesheni ya Santa Justa hapo Sevilla, ni kama dakika 45 tu, Jumatatu mpaka Jumamosi saa mbili unusu hadi saa tatu unusu asubuhi kuingia Mezquita ni bure, na saa hiyo makundi hayajaingia. Mnara wa kengele tiketi yake mbali, ndani yake umefichwa mnara wa adhana wa zamani. Julai na Agosti joto linapita digrii 40, mkiweza zikwepeni.

Chakula, ulizia salmorejo, supu nzito ya baridi ya nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, juu wanaweka yai na nyama ya nguruwe kwa hiyo kama huli sema mapema "sin jamón". Biringanya za kukaanga na asali nazo usiziache, nilikula sahani mbili.

Daraja la Kirumi tulilipita mbio, Medina Azahara, magofu ya mji wa makhalifa, hatukufika kabisa na iko kilomita kama 8 tu nje ya mji. Mwezi ujao narudi mwenyewe, tiketi ya treni nimeshakata.