Uzoefu wangu: ThinkPad P52 yenye Quadro P2000 kwa SolidWorks, Kigoma

Nipo Mwanga, Kigoma mjini. Kazi yangu ni kuchora mashine za kukamua mawese, michoro inaenda kwa mafundi wa kuchomelea na kukereza vyuma. Natumia Lenovo ThinkPad P52 iliyotumika, yenye kadi ya grafiki ya Quadro P2000, na kwa SolidWorks, programu ya kuchora mashine kwa 3D, nimeridhika nayo kabisa.

Kilichonifanya niitafute ni draiva, yaani programu inayoendesha kadi. SolidWorks haiwashi RealView, ule mwonekano unaofanya chuma kionekane chuma, mpaka ikute kadi ya kazi iliyothibitishwa, kama Quadro za NVIDIA au Radeon Pro za AMD. GeForce ya gemu inaweza kuwa na nguvu zaidi, na bado kitufe cha RealView kikabaki kimefifia. Kwangu hilo si pambo. Wateja wangu wengi hawasomi mchoro wa vipimo, lakini mtu akiona skrubu ya kukamulia ikizunguka ndani ya silinda yenye matundu, anauliza maswali ya maana: machikichi yanaingilia wapi, makapi yanatokea wapi, bwana hapa mkono utapita kusafisha? Tunarekebisha palepale, bati halijakatwa.

P2000 ina VRAM, kumbukumbu ya kadi yenyewe, ya 4 GB. Mashine nzima, na mota, gia, fremu na bolti zake, naizungusha bila kukwamakwama. Kufungua faili kubwa ni shughuli ya prosesa na RAM, hapo kadi haihusiki sana. Na kama unachora AutoCAD ya 2D tu, grafiki ya ndani ya Intel inakutosha, hela yako weka kwenye RAM na SSD.

Dukani kuwa macho. Ukiambiwa "hii ina grafiki 8 GB", fungua Task Manager, ingia Performance, bonyeza GPU, usome Dedicated GPU memory. Mara nyingi ile nane ni Shared, inakopwa kwenye RAM. Ukishanunua, ingia NVIDIA Control Panel uipangie SolidWorks itumie kadi ya NVIDIA, maana inaweza kuangukia kwenye Intel.

Ni nzito, karibu kilo 2.5, na chaja yake nayo ni mzigo. Umeme ukikatika kadi hupunguza nguvu kwenye betri, kwa hiyo muda huo nafanya michoro ya vipimo. P2000 pia ni kizazi cha Pascal, cha zamani sasa. Mfuko ukiruhusu, tafuta laptopu yenye Quadro T2000 au RTX A2000: VRAM kwa kawaida ni 4 GB ileile, ila draiva zake zitahudumiwa muda mrefu zaidi.